Mashimo 60 Hayatoi Meno 72

Swali limetoka kwa fundi saa wa Mombasa. Amerithi kwa mjomba wake kerezo dogo la Boley, mashine ya kuzungusha chuma ili kichongwe, linalotumia koleti (vibano vya kushikia kazi) za milimita 8. Ubavuni mwa puli kuna mzunguko wa vishimo 60 na pini ya chemchemi inayoingia humo. Mteja amemletea saa ndefu ya Kiingereza, ile ya kusimama sakafuni, na gurudumu la mshale wa saa limeharibika: yamebaki meno 66, kuna pengo la meno kama matano au sita, na brasi imepasuka hadi karibu na katikati. Mtandaoni amekuta mtu wa Ulaya anauza kifaa cha zamani cha kugawia, yaani cha kugawa mzunguko sehemu sawa wakati wa kukata meno: sahani tatu za brasi zenye mapengo ukingoni pamoja na mkono na ulimi wake unaoingia kwenye mapengo hayo. Anauliza: anunue? Na meno ni mangapi hasa?

Ndugu yangu, nianze na swali lako la pili, maana ndilo linaloamua la kwanza.

Meno ni 72. Gurudumu lako sijaliona, lakini saa yenyewe inasema. Mshale wa dakika huzunguka mara 12 wakati ule wa saa unamaliza mzunguko mmoja, na kupunguza huko kwa mwendo hufanywa na magurudumu machache yaliyofichwa nyuma ya uso wa saa. Katika saa hizi ndefu za Kiingereza, mawili ya kwanza kwa kawaida yana meno sawa, kwa hiyo hayapunguzi chochote, yanapokezana tu. Mzigo wote uko kwenye pinioni, kile kigurudumu chenye meno machache, na gurudumu lako. Hesabu meno ya hiyo pinioni. Ukikuta sita, sita mara 12 ni 72. Ingekuwa na saba tungetafuta 84, lakini hapo pengo lako lingekuwa la meno 18, na usingeniandikia kuwa ni matano au sita.

Ukishajua idadi, ukubwa wa jino unajitoa wenyewe. Pima umbali kutoka katikati ya mhimili wa mshale hadi katikati ya kigingi kinachobeba pinioni, kisha gawanya kwa 39, yaani nusu ya 72 na 6 zikijumlishwa. Ukipata umbali wa milimita 23.4, moduli yako, yaani kipimo cha ukubwa wa jino, ni 0.6. Saa za zamani hazikutengenezwa kwa moduli zetu, kwa hiyo usishangae ukipata 0.58 au 0.61, chukua kikataji kilicho karibu zaidi. Kipenyo cha nje kipime kwenye meno ya zamani yaliyo mazima, usikikisie.

Sasa tuje kwenye puli yako. Mashimo 60 yanakupa hatua za nyuzi 6. Meno 72 yanataka nyuzi 5. Unaweza kupata 60, 30, 20, 15, 12, 10 na ndugu zake wadogo, na kwa kazi nyingi za saa ya mkononi hilo ni jambo zuri: gurudumu la meno 15 linaloshikwa na kuachiwa na nanga ya saa hupatikana kwa kuruka mashimo manne manne. Lakini 72 haimo humo, utake usitake. Kuna ujanja wa kutumia mashimo 12 kati ya yale 60 na kuisogeza pini yenyewe kwa nyuzi moja moja ili kupata nafasi za kati. Hesabu yake inakubali. Mimi niliujaribu ujanani, nikapoteza siku mbili na vipande vinne vya brasi, kwa sababu nyuzi moja kwenye mzunguko mdogo kama wa puli ni chini ya nusu milimita, na pini iliyosogezwa kwa mkono haiwezi kuwa na adabu ya kiwango hicho mara sita mfululizo.

Kwa hiyo ndiyo, unahitaji sahani. Ila si lazima iwe ile ya Mzungu wako.

Vifaa hivi vilizaliwa pamoja na makerezo yenyewe. Mwaka 1889 kampuni ya American Watch Tool ya Waltham, Massachusetts, ilitoa kerezo la Webster-Whitcomb, ambalo mafundi wamelifupisha kuwa WW, lenye kitovu kilicho milimita 50 juu ya kitanda na koleti za milimita 8. Vipimo hivyo vikaigwa dunia nzima. Wajerumani, Boley kule Esslingen, Lorch na Wolf Jahn kule Frankfurt, walitengeneza ya kwao, mengine yakiwa na kitanda cha WW chenye kingo mbili za mshazari, mengine yakiwa na kitanda cha duara kilichokatwa bapa upande mmoja. Fundi aliyekuwa na uwezo alinunua sanduku zima: slaidi, spindeli ya kukatia meno, sahani za kugawia, ulimi wake na vikorombwezo vingine. Fundi akifa, sanduku huvunjwa, na kila kipande kinauzwa peke yake kwa sababu hivyo kinaleta fedha zaidi. Ndiyo maana sahani unazoziona mtandaoni nyingi ni yatima. Ziliundwa zikae kwenye kichwa kimoja cha kerezo, na kichwa hicho hakipo tena karibu nazo.

Hapo ndipo pana mtego, na ndiyo sababu ya mimi kukuandikia kirefu. Watu wakinunua sahani ya kugawia wanatazama mapengo. Yamekaa sawa? Hayajalika? Mapengo mara nyingi hayana neno. Waliotengeneza sahani hizi walikuwa na mashine bora kuliko yangu na yako. Taabu iko katikati, kwenye tundu. Sahani hukaa nyuma ya spindeli, ule mhimili wa kerezo unaozungusha kazi, kwenye kipande kinachotokeza kabla ya lile gurudumu dogo la mkono unalokazia koleti. Kipande hicho hakina kipimo cha dunia. Koleti za milimita 8 zimekubaliana, nyuma ya spindeli hakuna aliyekubaliana na mwenzake, na nimeona hata vichwa viwili vyenye jina moja vikitofautiana. Makerezo mengine yametokeza milimita chache tu, mengine hayana cha kushika kabisa.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilinunua sahani nzuri mno, brasi ya manjano iliyong'arishwa, namba zimegongwa kwa mkono. Ilipofika, tundu lake lilikuwa kubwa kuliko spindeli yangu kwa karibu milimita nzima. Muuzaji hakuwa amedanganya, mimi sikuwa nimeuliza. Nikazungushia ukanda wa bati ili kuziba nafasi, nikaona nimemaliza. Gurudumu nililokata lilifunga vizuri kabisa, jino la mwisho likakutana na la kwanza bila mwanya. Nikaliweka kwenye saa. Upande mmoja likabana, upande wa pili likalegea.

Angalia hesabu. Sahani ya kipenyo cha milimita 90 ikikaa nje ya kitovu kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, basi kwenye gurudumu lako la kipenyo cha milimita 43 meno ya upande mmoja yatatangulia kwa karibu 0.05 na ya upande mwingine yatachelewa kiasi hichohicho. Jino na jirani yake hutaona tofauti. Gurudumu zima ndilo linalokwenda kama lililotobolewa pembeni. Linganisha na kosa la pengo moja: pengo likiwa limekosewa kwa 0.02, kwenye gurudumu hilohilo linakuwa chini ya 0.01, kwa kuwa sahani ni kubwa kuliko kazi na kosa hupungua kadiri unavyokaribia katikati. Tundu la katikati ndilo la kuogopa.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji. Muulize kipenyo cha tundu kwa kalipa, si kwa rula. Muulize kama kitovu cha sahani kina skrubu za kubana au kimepasuliwa ili kibane chenyewe. Mwombe picha ya nyuma, ile ambayo hakuiweka. Kisha mwambie akuhesabie mapengo ya kila sahani, na asikusomee namba iliyogongwa, ahesabu. Kama hakuna kati ya hizo tatu yenye 72 au 144, mazungumzo yamekwisha, hata kama anakupunguzia bei. Pima na spindeli yako wakati huohuo. Tofauti ya tundu ikiwa ndogo, na tundu likiwa dogo kuliko spindeli, sahani inaweza kukerezwa ndani ikaingia. Tundu likiwa kubwa, itabidi utengeneze pete ya brasi, uikaze ndani ya sahani, kisha ukereze pete hiyo ikiwa mahali pake. Kazi hiyo inawezekana, ila inataka kerezo la pili na mkono uliotulia. Na nakuomba, usithubutu kupunguza au kutoboa spindeli ya mjomba wako ili ikubali sahani ya mtu mwingine.

Ulimi nao una habari zake. Mapengo ya ukingoni huwa ya aina mbili. Kuna ya V yenye pande mbili sawa, ambayo ulimi wenye ncha ya kabari huingia na kujiweka katikati wenyewe. Kuna na yale ya mfano wa meno ya msumeno, upande mmoja umesimama wima kuelekea katikati, wa pili umelala. Haya ya pili mimi nayapenda kwa vifaa vikuukuu, kwa sababu kipimo kinatoka upande uliosimama, na ule uliolala ukilika hauharibu kitu, mradi kila mara unarudisha sahani iegemee upande uleule. Chunguza pia mkono unaobeba ulimi. Ukiwa ni bati jembamba na refu, utapinda kila unapokata, na hapo sahani sahihi haikufaidii.

Kabla sijasahau, chungulia vile vishimo 60 vya puli yako kwa kioo cha kukuza. Vingine viwili au vitatu vikiwa vimepanuka na kuwa mviringo wa yai, mjomba, Mungu amrehemu kama hayupo, alikuwa na tabia ambayo sote tulikuwa nayo: kutumbukiza pini ili kushika spindeli wakati wa kukaza koleti. Pini ile haikuwekwa kwa nguvu hizo. Weka alama ya rangi kwenye vishimo vilivyochoka, na unapogawanya kwa idadi ndogo anzia mahali ambapo hutavipitia.

Sasa nikuambie ningefanya nini mimi kwa saa hii moja. Ningetengeneza sahani. Tafuta chuo cha ufundi au karakana yenye mashine ya milingi na kichwa cha kugawia. Vichwa hivyo vingi huwa na uwiano wa 40 kwa 1: unazungusha mkono mara 40, kazi inazunguka mara moja. Kwa meno 72 mkono unatakiwa kwenda tano ya tisa ya mzunguko, ambayo ni hatua 10 kwenye duara la mashimo 18 la kichwa hicho. Hatua, si mashimo. Ukilihesabu shimo ulilosimama kama la kwanza utapata hatua tisa, na hilo ndilo kosa linaloharibu sahani nyingi kuliko yote. Ukiwa na subira, omba mashimo 144 badala ya 72, yaani hatua tano kwenye duara hilohilo la 18. Utapata 72, 48, 36, 24, 18 na 16 kwa sahani moja, na ukiunganisha na zile 60 za puli umeshughulikia sehemu kubwa ya saa utakazoletewa. Kwenye nafasi iliyobaki aweke mduara wa 84, ambao ni hatua 10 kwenye duara la 21, na wa 64, hatua 10 kwenye duara la 16. Sahani ya brasi au alumini yenye kipenyo cha milimita 90 itazunguka juu ya kitanda chako bila kugusa, mradi kitovu chake kiko juu kwa 50 kama cha WW. Mashimo ya milimita moja yanatosha. Toboa kwanza kwa keekee fupi ya kuanzia, kwani ndefu hutangatanga.

Tundu la katikati litobolewe sahani ikiwa bado imefungwa palepale ilipotobolewa mashimo, bila kuhamishwa. Hili lisimamie mwenyewe. Fundi wa karakana atakuambia hakuna tofauti, naye kwa kazi zake za gari anasema kweli.

Kama spindeli yako haina pa kushika nyuma, sahani inaweza kufungwa kwenye ile fimbo inayovuta koleti. Hapo koleti ikazwe sawasawa, na sahani uizungushe kuelekea upande wa kukaza peke yake. Ukiirudisha nyuma hata mara moja unaweza kuilegeza koleti bila kujua. Chora mstari wa penseli unaopita kwenye sahani na spindeli, uwe unautupia jicho.

Ukikosa karakana kabisa, kuna njia ya ukanda. Chora kwenye karatasi ngumu mistari 72, kila mmoja umbali wa milimita 4 kutoka kwa mwenzake, jumla 288. Kereza kisahani cha mbao ngumu hadi ukanda ukizungushwa ncha zikutane barabara. Kipenyo kitakuwa karibu milimita 91.5, ukipunguza unene wa karatasi. Uzuri wake ni kwamba duara limefunga, kwa hiyo makosa hayawezi kulimbikizana. Ubaya ni macho yako: kosa la 0.1 kwenye mstari linakuwa karibu 0.05 kwenye jino. Kwa gurudumu la mshale wa saa nitalikubali. Linajikokota mzunguko mmoja kwa saa 12, mzigo wake ni mdogo, na ni mahali penye kusamehe kuliko pote ndani ya saa. Kwa gurudumu lililo karibu na nanga, sithubutu.

Kuijaribu sahani, iwe ya kununua au ya kutengeneza, chukua bikari yenye ncha mbili kali. Kwa mduara wa 72, pima kutoka shimo la kwanza hadi la kumi na mbili baada yake, kisha tembeza kipimo hicho duara zima. Kinapaswa kufunga kwa hatua sita kamili, na upana wa bikari uwe sawa na nusu kipenyo cha mduara wa mashimo. Hilo linakamata makosa makubwa. Madogo yanakamatwa kwa kukata kisahani cha brasi cha kutupa. Kata mapengo yote 72, halafu legeza kisahani peke yake, kizungushe meno 24 huku sahani ya kugawia ikibaki ilipo, linganisha pengo na kikataji, kaza, upite tena duara zima bila kuongeza kina. Kikataji kikipita kimya, sahani ni nzuri na imekaa katikati. Kikitoa vumbi la brasi upande mmoja wa meno kwa sehemu ya duara na upande wa pili kwa sehemu nyingine, rudi kwenye tundu la katikati. Kule kukutana kwa jino la mwisho na la kwanza kusikudanganye kama kulivyonidanganya mimi: sahani yoyote, hata mbovu, hukurudisha ulipoanzia. Kunakuhakikishia tu kwamba hakuna kilichoteleza njiani.

Siku ya kukata kazi yenyewe, brasi iwe na kipande kingine nyuma yake cha kuizuia isitikisike, na ncha ya kikataji ilingane na kitovu. Ikiwa juu au chini, meno yatalala upande mmoja kama mitende ya pwani. Pini iingie kila shimo kutoka upande uleule. Zima simu. Weka kipande cha utepe kwenye shimo la kuanzia na uhesabu kwa sauti, kwa maana mtu atagonga mlango ukiwa kwenye 41.

Gurudumu la zamani usilitupe. Limekaa kwenye bomba fupi ambalo mshale wa saa hujishika juu yake, na bomba hilo ni zima, limeshazoeana na mhimili wake kwa miaka mingi. Kereza ule ukingo uliopigwa riveti, utoe kisahani kilichopasuka, kisha tundu la gurudumu jipya ulikereze lifuate bomba. Tundu hilo likereze kabla ya kukata meno.